Mwali Alitoka Kabla ya Kuitwa

Kwanza ieleweke hivi: hakuna aliyemlazimisha Cyusa kuja. Alitajiwa jina la mwali, akatajiwa jina la marehemu baba yake, akaelekezwa mpaka getini, geti la kijani, Kagarama, hatua chache juu ya kanisa. Alijua anakwenda kwa nani. Mtu akijua jambo kama hilo ana njia mia moja za kukataa: anaumwa, kasafiri, ana sherehe nyingine Jumamosi hiyo hiyo. Yeye akapiga pasi vazi lake, akapaka mafuta fimbo yake ya usemaji, akaja. Kwa hiyo baadaye asitokee mtu kutuambia kwamba kijana wa watu alionewa.

Siku yenyewe ilikuwa ya kuomba mchumba, ile ambayo Kigali wanaiita gusaba. Familia ya kijana inakuja nyumbani kwa msichana na kuketi chini ya hema moja, wenyeji wanaketi chini ya hema la pili, wanatazamana. Katikati wanasimama wasemaji wawili, mmoja wa kila upande, na kazi yao ni kugombana. Ugomvi wenyewe ni wa uongo, wa kuchekesha. Msemaji wa wenyeji anazua makosa: mmechelewa, mmetukanyagia maharage, babu yenu alituibia mbuzi. Msemaji wa wageni anajibu kwa ulimi mtamu mpaka wenyeji walainike. Muda wote huo mwali yuko ndani. Hatoki mpaka aitwe, na akitoka hasemi. Anawakumbatia wageni mmoja mmoja, akianza na msemaji wao, halafu anaketi. Wanaosema siku hiyo ni wengine.

Mukunde alikuwa ndani, basi. Ana miaka ishirini na tisa, kazi yake ni kupima maziwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, na ni mtu wa kumwambia mfugaji mwenye mvi zake, "Mzee, haya umeyatia maji, rudi nayo," bila kupepesa jicho. Siku hiyo walikuwa wamemketisha kwenye kiti cha plastiki chumbani kwa mama yake, kafungwa mshanana wa rangi ya dhahabu, lile vazi la sherehe linalofungwa begani, shanga nyeupe kwenye paji la uso. Shangazi yake Kanyange, dada wa marehemu baba yake, alikuwa amesimama mlangoni kama askari wa benki. Mukunde alikuwa amegeuza kiti kidogo ili sikio la kulia lielekee dirishani. La kushoto halisikii kitu.

Nje maiki ikakoroma, ikatulia. Msemaji wa wageni akasalimia.

"Wenyeji wetu, tumekuja kwa amani, na njia tuliyopita ilikuwa imefagiliwa na sifa zenu."

Watu wakapiga makofi. Mukunde hakupiga. Mwili wake ulijua kabla ya yeye mwenyewe kujua. Mikono ikawa baridi, bega la kushoto likapanda juu lenyewe, kama linakinga kitu. Sauti ile! Sauti ile ile, nzito, isiyo na haraka, ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa maneno.

"Shangazi," akasema, "anayeongea ni nani?"

"Msemaji wao. Si unasikia anavyoongea? Loo, yule kijana amelishwa asali."

Sasa hapa lazima turudi nyuma kidogo, maana bila hapo huwezi kuielewa hasira yake.

Miaka tisa kabla, Mukunde alikuwa na miaka ishirini, yuko chuoni, na Cyusa alikuwa na ishirini na minne. Alimpenda. Tuseme kweli tupu, tusifiche kwa sababu ya aibu: alimpenda mpaka akili ikahama. Cyusa ndiye mwanamume wa kwanza kumshika mkono, wa kwanza kumwambia kwamba ana macho ya mtu anayefikiri. Alikuwa anaendesha sherehe za wanafunzi, na akishika maiki hata walinzi walikuwa wanaacha lango. Mukunde alikaa mstari wa mbele kila mara, na moyo wake ukisema, huyo ni wangu.

Kisha ikaja alasiri moja pale Sonatubes, kwenye kituo cha pikipiki, zile ambazo Kigali kila mtu anaziita moto. Jua kali, magari yamejazana kwenye taa, watu kibao. Dereva mmoja wa moto alisema kitu cha kuchekesha kuhusu kofia ya abiria wake, na Mukunde akacheka. Ndivyo tu. Alicheka. Cyusa akamgeukia akampiga kofi moja, kwa kiganja kizima, juu ya sikio la kushoto. Ndani ya kichwa kengele ikalia, kisha kitu kikapasuka, kisha upande ule wa dunia ukazimika. Mukunde akachuchumaa chini.

Watu wakasogea. Na hapo, kabla yeye hajapata pumzi ya kusema hata neno moja, Cyusa alikuwa ameshaanza.

"Jamani, ameanguka kwenye moto! Moto imekata kona vibaya ikamtupa! Nisaidieni tumpeleke hospitali!"

Dereva yule aliyechekesha alifungua mdomo, akamtazama Cyusa, akaufunga, akawasha pikipiki yake. Huko zahanati nesi aliuliza, "Imekuwaje?" Cyusa akajibu, "Ameanguka kwenye moto." Nesi hakuwa mjinga. Alimtazama Mukunde machoni, akamuuliza yeye mwenyewe, "Ni kweli, dada?" Na Mukunde akaitikia kwa kichwa.

Kile kichwa! Kuitikia kule ndiko kulikomuuma miaka tisa kuliko sikio lenyewe. Sikio lilipona maumivu ndani ya wiki tatu, likabaki kiziwi na kutulia. Lakini kila akikumbuka alivyoitikia, alitaka kukishika kichwa chake akipigize ukutani.

Na hayakuishia hapo, maana shetani akianza kazi huimaliza. Cyusa alimrudisha mpaka nyumbani, geti la kijani, ambako hakuwa anajulikana, kwa kuwa Mukunde alikuwa bado hajathubutu kumtambulisha. Akajitambulisha kuwa ni mpita njia. Amemwokota msichana barabarani, hamjui hata jina. Mama yake Mukunde alilia, akamshika kijana mikono yote miwili, akamketisha kwenye kiti cha marehemu mumewe, akampa maziwa. Cyusa akayanywa. Akajipangusa mdomo. Baada ya mwezi akahamia Rubavu, na Mukunde hakumwona tena mpaka siku hii.

Mlango wa chumba ukafunguliwa kwa kasi. Mama Mukunde akaingia, uso unang'aa kwa furaha.

"Mukunde! Mwanangu, hutaamini. Unajua ni nani yuko nje? Msemaji wao! Ni yule kijana! Yule aliyekuokota Sonatubes!"

"Mama."

"Mungu ana mipango, mimi nakwambia. Miaka yote hii ninamwombea, sikujua hata anaishi wapi, leo anakuja kuniomba binti. Nimempa kikombe cha mti, kile cha bibi, nimemjazia maziwa mpaka juu. Na nimekwisha kumnong'oneza baba yako mdogo, amsifu kidogo mbele za watu."

"Mama, subiri."

"Usilie, utaharibu poda," mama akasema, akambusu, akatoka mbio kurudi hemani.

Mukunde hakuwa analia. Shangazi Kanyange, aliyekuwa na macho, aliliona hilo, akakunja uso.

"Una nini wewe?"

"Shangazi, kuna mtu amemwambia Mutsinzi jina la msemaji?"

"Aliyemkodi ni baba yake Mutsinzi. Si unawajua wenyewe, wamekulia Tanzania, Kinyarwanda cha sherehe hakuna hata mmoja anayekiweza. Wametafuta mtu wa kazi. Kwani vipi?"

Mukunde alikuwa anamfikiria Mutsinzi, mchumba wake, fundi wa matangi ya kupoozea maziwa, aliyeko hema la wageni kati ya rafiki zake, na asiyejua lolote. Yeye naye Mukunde alimwambia ni moto. Hata yeye! Kila mtu aliambiwa ni moto. Siku moja kazini Mutsinzi aliinua mkono kufunga mfuniko wa tangi, na Mukunde akainama chini kwa ghafla, mikono kichwani, chupa ya kupimia ikavunjika sakafuni. Mutsinzi hakucheka wala hakuuliza. Aliokota vipande. Tangu siku hiyo, kila akitaka kufikia kitu kilicho juu karibu na Mukunde, anasema kwanza, "Napandisha mkono." Anasema hivyo jikoni, anasema hivyo akichukua begi kwenye basi. Na barabarani anatembea upande wa kulia, upande unaosikia. Mukunde alimpenda kwa hilo taratibu, kwa woga, kama mtu aliyeungua akinyoosha kidole kwenye sufuria.

Na sasa mtu wa kumwombea mke Mutsinzi ni yule. Yule! Kati ya midomo yote iliyoko Rwanda!

Nje, baba mdogo Damascène alishika maiki. Ni mwalimu mstaafu, mtu mwema, tatizo lake ni moja: akipewa watu mia mbili wa kumsikiliza, busara inamtoka kama hewa kwenye mpira.

"Simama hapo hapo," akamwambia Cyusa. "Kabla hatujafika kwenye habari ya binti, tuna kesi na wewe. Sisi tunakujua. Wewe ndiwe uliyemwokota mtoto wetu Sonatubes, mwaka ule alipoangushwa na moto. Kweli si kweli?"

Hapo Cyusa angeweza kubadilisha mazungumzo. Msemaji wa kazi ana mlango wa kutokea popote pale. Angeweza kurukia ng'ombe, angeweza kurukia hali ya hewa.

"Ni kweli, mzee wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa na tabasamu ndani. "Sikutaka kujisifu."

Makofi. Mtu akapiga kigelegele, na Mukunde akajua ni mama yake.

"Basi umejishtaki mwenyewe!" Damascène akapaza sauti. "Maana tulikuwa na binti mwenye masikio mawili, wewe ukatuletea mwenye moja. La pili ulilipeleka wapi?"

Hema zote mbili zikaangua kicheko. Mzee mzima, jamani! Lakini tumwache, hakujua.

Aliyejua akajibu. "Mzee wangu, sikio lile nililitafuta mpaka jua likazama. Ile moto ilikimbia nalo. Lakini msijali. Leo tumewaletea ng'ombe mwenye masikio mawili marefu hivi. Mchukueni, mtakuwa mmebakiwa na ziada!"

Kicheko kikawa cha kushika mbavu. Vigelegele. Mtu akapiga meza.

Mukunde akasimama.

Hasira ya miaka tisa haiji kama moto wa kuni, wa kuwaka polepole. Ilikuja nzima, kwa mara moja, na kilichomshangaza ni kwamba haikumtetemesha. Mikono iliyokuwa baridi ikapata joto. Alikuwa anaona kila kitu vizuri: kitasa cha mlango, mkunjo wa pazia, uso wa shangazi yake.

"Unakwenda wapi?" Kanyange akauliza. "Hujaitwa."

"Ninatoka nje."

"Mukunde, mwali hatoki kabla ya kuitwa! Unataka watu watuseme mpaka lini? Wageni bado hawajaomba hata!"

"Shangazi, yule mtu alinisemea siku moja, mimi nikanyamaza. Nimenyamaza miaka tisa. Ukinizuia hapa mlangoni, nitapita dirishani, na mshanana wenyewe huu utachanika. Nipishe."

Kanyange alikuwa mwanamke aliyeolewa mara mbili, mara ya kwanza vibaya, na kuna mambo hayahitaji kuelezwa mpaka mwisho. Akasogea pembeni.

"Angalau vaa viatu," akasema.

Mukunde akavaa viatu, akatoka.

Wa kwanza kumwona alikuwa mpiga picha, akageuza kamera. Kisha minong'ono ikakimbia kutoka kiti hadi kiti: mwali katoka, mwali katoka mwenyewe, ebo, kaitwa na nani? Damascène akabaki maiki mkononi, mdomo wazi. Mama yake akasimama nusu. Mukunde alipita katikati ya hema mbili, kwenye zulia jekundu la kukodi, bila wasichana wa kumsindikiza.

Cyusa alimwona. Alikuwa amenenepa kidogo, amefuga ndevu za kuchongwa vizuri, vazi jeupe begani. Kwa muda wa kupepesa jicho uso wake ulikosa la kufanya. Halafu kazi ikamrudia.

"Waheshimiwa!" akanguruma. "Tazameni uzuri wa jambo hili! Mwali kashindwa kusubiri, kaja mwenyewe! Basi na tumpokee!" Na akafungua mikono yote miwili, fimbo mkono huu na maiki mkono huu, tayari kwa lile kumbatio ambalo desturi inampa yeye wa kwanza.

Mukunde akasimama mbali naye hatua mbili.

"Shusha mikono yako," akasema.

Watu wa mbele wakacheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Wa nyuma hawakusikia, wakauliza amesema nini. Mukunde akanyoosha mkono kwa baba yake mdogo, akaichukua maiki kwake, na mzee akaiachia kama mtoto aliyenyang'anywa kijiko.

"Mimi sikuanguka kwenye moto," Mukunde akasema, na spika zikapeleka maneno mpaka barabarani. "Sijawahi kuanguka kwenye moto maisha yangu yote. Huyu alinipiga. Cyusa, huyu hapa. Alinipiga kofi Sonatubes, mchana, mbele za watu, kwa sababu nilicheka. Alikuwa mpenzi wangu, nilikuwa na miaka ishirini. Kisha akawaambia watu nimeanguka, akamwambia nesi nimeanguka, akaja hapa akakaa kwenye kiti cha baba yangu, akakwambia wewe mama, nimeanguka. Na leo amesimama hapo anawachekesha kwa sikio langu. Mmecheka wote. Nimewasikia, na lile moja lililobaki linasikia vizuri sana."

Mtoto mmoja mgongoni kwa mama yake alilia, akanyamazishwa.

Cyusa akatabasamu. Jamani, alitabasamu! "Wageni waheshimiwa, siku kama ya leo ni nzito kwa mwali yeyote. Hofu, kukosa usingizi, hayo tumeyaona katika sherehe nyingi. Naomba tumpe nafasi, akina mama wamrudishe ndani apumzike..."

"Umenisemea mara moja," Mukunde akasema. "Hunisemei tena. Nikichoka nitasema nimechoka, mdomo ninao."

Cyusa akaweka maiki yake chini ya kwapa, akasogea, akainama, akamnong'oneza kitu. Alinong'ona kama zamani, polepole, kwa ile sauti iliyokuwa ikiyeyusha mifupa. Ila alinong'ona upande wa kushoto. Mpaka leo Mukunde hajui alisema nini, na hana haja ya kujua.

"Upande huo uliufunga mwenyewe," akamwambia kwenye maiki. "Hata hilo umesahau?"

Hapo ndipo Cyusa alipoishiwa. Kwa mara ya kwanza watu wa Kigali walimwona msemaji yule amefungua mdomo na hakuna kilichotoka.

Kule hema la wageni kiti kikaanguka. Mutsinzi alikuwa amesimama, anakuja, ngumi zimekunjwa, rafiki zake wawili wamemng'ang'ania vazi.

"Na wewe simama hapo hapo!" Mukunde akamfokea. "Sitaki mkono wa mwanamume yeyote uinuke hapa leo. Wala wako."

Mutsinzi akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kwa nini hukuniambia?" akauliza bila maiki, na kwa ukimya uliokuwepo kila mtu alisikia.

"Niliona haya."

"Haya kwangu mimi?"

"Kwako, kwa mama, kwa kila mtu. Sasa sioni tena. Ukitaka kuondoka, geti liko wazi, sitakulaumu. Lakini kama bado mnanitaka, haniombi huyu. Mmekuja watu arobaini, mmevaa vizuri, mmeleta ng'ombe. Hamna mdomo hata mmoja wa kwenu?"

Alisema hivyo kwa hasira, na mara baada ya kusema akajua amewatukana wakwe mbele za watu. Hapo ndipo angeweza kupoteza kila kitu.

Aliyesogea kwanza ni mama yake Mukunde. Alitembea polepole, mwanamke aliyezeeka ndani ya dakika kumi, mpaka kwenye meza ndogo mbele ya Cyusa ambako kikombe cha mti kilikuwa kimejaa. Watu walidhani atamwagia usoni. Hakumwaga. Maziwa hayamwagwi kwenye nyumba hii hata kwa hasira. Alikichukua kikombe kwa mikono miwili.

"Mara ya kwanza uliyanywa," akamwambia. "Haya huyanywi."

Akamgeukia baba yake Mutsinzi, Mzee Ndayisaba, aliyekuwa ameketi kiti cha mbele, akakiweka kikombe mikononi mwake. Kisha akasimama pembeni ya binti yake, akamshika kiwiko.

Mzee Ndayisaba ni fundi wa malori, mtu mnene, mpole, mikono yake haijawahi kutakata oili tangu ujana. Alinywa funda moja, akampa jirani kikombe, akainuka. Alimfuata Cyusa. Hakumsukuma wala kumtukana. Alimpokonya fimbo, akamtoa maiki kwapani, akamwonyesha geti kwa kidevu. Cyusa akatazama huku na huku akitafuta uso mmoja wa kumhurumia. Hakuupata. Akaondoka, na vazi lake jeupe likanasa kwenye kamba ya hema, ikabidi arudi nyuma kulinasua, na hakuna aliyemsaidia.

"Mimi ni Ndayisaba," mzee akasema kwa Kiswahili. "Nimezaliwa Ngara. Kinyarwanda changu mnakicheka huko sokoni, basi leo nasema hiki ninachokijua. Yule mtu nimemkodi mimi. Nilimsikia ana ulimi, nikaona inatosha, sikuuliza ni nani. Hilo kosa ni langu, na ninaomba msamaha kwa binti kabla ya kumwomba mtu mwingine."

Akapangusa jasho kwa kiganja.

"Mimi utani siujui. Hatukuchelewa, na maharage yenu hatukuyakanyaga. Ng'ombe tumekuja naye, yuko nje. Kijana wangu anampenda binti huyu, na mimi nampenda, na mama yake nyumbani hazungumzi habari nyingine. Tunamwomba. Na ninasema mbele yenu: akimpandishia mkono siku yoyote, nitamleta binti hapa mimi mwenyewe, siku hiyo hiyo, na mkiniuliza kuna nini, sitawaambia ameanguka."

Damascène, machozi yanamtiririka mpaka kwenye tai, alitakiwa ajibu kwa niaba ya ukoo. Alitikisa kichwa.

"Mimi leo nimeongea ya kutosha," akasema. "Aulizwe mwenyewe."

Watu wote wakamtazama Mukunde. Hasira ilikuwa bado ipo, palepale kifuani, wala hakutaka iondoke. Ilimsimamisha wima. Shanga zilikuwa zimeteleza kutoka kwenye paji la uso na kumwangukia jicho, na mikono yake yote ilikuwa imeshikwa, mmoja na mama yake, mmoja na maiki.

Mutsinzi alikuja. Rafiki zake walishamwachia. Alizunguka nyuma ya mama mkwe wake ili atokee upande wa kulia, akasimama, uso umemvimba kwa kilio alichokizuia. Alitaka kusema mengi, ilionekana. Alitazama zile shanga.

"Napandisha mkono," akasema.

Watu mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyeelewa ana maana gani.

"Pandisha," Mukunde akasema kwenye maiki.

Mkono ukapanda mpaka karibu na uso wake, ukazirudisha shanga mahali pake. Mukunde alikuwa ameyafumbua macho yote mawili, na hakuinama.